Sweta Nililoliacha Msumarini

Jumatatu, 9 Juni

Josepha bado yuko kwao Ulyankulu. Aliondoka baada ya Pasaka, akasema anakwenda kumsalimia mama yake. Hakuna salamu ya urefu huo.

Leo shemeji yangu Sixbert kapiga simu. Nikamuuliza dada yake anarudi lini. Akakohoa, akasema ujumbe wa dada ni uleule: siku Benjamini atakapoanza jambo akalimaliza mwenyewe, bila kumtuma mtu, atarudi. Nikamwambia huo ni uonevu. Choo cha nje nilikianza, fundi ndiye hakurudi. Banda la kuku nililianza, kuku ndio hawakupatikana. Kuhusu mguu wa kitanda unaolia, ni kweli ameniambia mwaka mzima niukaze. Lakini mtu hakurupuki tu kukaza mguu wa kitanda. Anatafakari kwanza.

Mchana nilikwenda mjini kwa Hitesh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, kununua msumari kwa ajili ya mguu huohuo. Naliandika hili ili ijulikane kwamba nia ilikuwepo. Uani kwake nikaona kayaki, kijimtumbwi cha kitalii. Ya plastiki, rangi ya chungwa, pamoja na kasia lake. Hitesh aliichukua kwenye kambi ya watalii iliyofungwa, akidhani itafaa kunyweshea ng'ombe. Kumbe ina matundu chini ya kutolea maji. Ng'ombe hawakunywa.

Wazo likanijia papo hapo. Kayaki ina kiti kimoja. Anayevua kwa kayaki hawezi kumtuma mtu, wala kwenda na mtu. Nitakwenda bwawa la Igombe peke yangu, nivue sato mkubwa peke yangu, nijipige picha peke yangu, kisha nimpelekee mama mkwe samaki wake. Josepha atasema nini tena? Hana la kusema.

Hitesh hakutaka kuuza. Alitaka kubadilishana. Dada yake Urmi anahamia nyumba mpya na anatafuta kitanda cha mninga cha kizamani, kilichochongwa kwa mkono. Mimi ninacho. Alikitengeneza baba mkwe, Mzee Kornel, ambaye ni seremala, akatupa siku ya harusi. Nimefikiri sana, tangu dukani hadi mlangoni pa duka. Kitanda chenyewe si kinalia?

Nimetandika mkeka. Sakafu ya mwezi wa sita ina baridi ya makusudi.

Jumanne, 10 Juni

Kayaki imefika hapa kwetu Ipuli juu ya guta la magurudumu matatu, na guta likaondoka na kitanda. Nilikifunika shuka ili majirani wasijue. Majirani wote wamejua ni kitanda.

Wa kwanza kuja kuchungulia ni Pazi, muuza samaki wa kukaanga hapo njia panda. Huyu ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani, tangu enzi za misafara babu zetu walipobeba meno ya tembo kupita kwao kwenda pwani. Kwa hiyo ana haki ya kunitukana, na mimi sina haki ya kukasirika. Mpango huo sijui aliupitisha nani.

Pazi kaizunguka kayaki kama anayekagua ng'ombe wa mahari. Akauliza hili beseni ni la kuogea nani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaketi chini. Akasema Wanyamwezi tulitembea kwa miguu miezi mitatu kwenda kuiona bahari, tulipoiona tukatua mzigo, tukageuza. Leo mjukuu anataka kuwa nahodha wa bwawa. Akaongeza kwamba nikitaka sato ataniuzia asubuhi, mbichi, mwenye macho bado, nimpelekee mkwe wangu na hakuna atakayejua.

Nilishawishika. Nakiri. Kisha nikamwambia kwamba safari hii nafanya mwenyewe. Akanitazama, akaacha kucheka kidogo. Akasema basi niangalie nisife, maana nikifa ni yeye atakayepata kazi ya kuchekesha watu msibani. Hiyo nayo ni desturi ya watani. Nikamjibu asubiri sana.

Jioni nimefanya mazoezi ya kupiga kasia barazani. Nimevunja chungu cha maji.

Jumatano, 11 Juni

Nimekwenda Igombe kuonana na Gerson, mvuvi wa siku nyingi pale. Akanipa masharti. Niingie majini alfajiri, nitoke kabla upepo haujaanza, maana upepo wa msimu huu ukiamka haulali hadi jioni. Nisisogelee ile miamba ya katikati, mingine imejificha chini ya maji kidogo tu. Chambo kiwe donge la ugali mgumu. Na nisisimame. Hilo la kusimama alilirudia. Akasema kama napenda, atanifuata kwa mtumbwi wake kwa mbali. Nikakataa kwa heshima. Kwa mbali bado ni mtu.

Nimempigia Sixbert amwambie dada yake: kesho Benjamini anakwenda kuvua peke yake, Jumamosi anakuja Ulyankulu na samaki. Baada ya muda Sixbert akanipigia kuniletea jibu. Josepha kasema maneno mawili. Nivae sweta.

Nimefurahi mno. Mke asiyekutaka hajali kama utapata mafua.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika ndani ya bani la kukaushia tumbaku, ng'ambo ya bwawa, nikiwa na kaptula na tai. Daftari limepona kwa sababu nilililaza kwenye ndoo tupu ya asali yenye mfuniko, niliyobeba ya kuwekea samaki. Hata mimi nimepona kwa sababu ya ndoo hiyo.

Nieleze kwa mpangilio. Alfajiri sikuwahi. Nilikuwa napiga pasi shati jeupe, kwa ajili ya picha. Nikafunga tai. Nikavaa sweta, lile la kijani alilonifumia Josepha. Likaficha tai yote. Nikalivua, nikalitundika msumarini nyuma ya mlango. Nilijua jua litatoka. Jua lilitoka, lakini pamoja na upepo.

Gerson alikuwa amesharudi nchi kavu, anakunjua nyavu. Akatikisa kichwa. Nikampungia mkono, nikaingia.

Mwanzo ulikuwa mzuri kupita maelezo. Bwawa lote langu. Kasia linaingia, linatoka, na hakuna anayenisimamia. Nikasema moyoni, Josepha angeniona sasa hivi asingenifahamu. Kisha upepo ukaanza kunisukuma. Sikushindana nao, nikajiambia labda unajua samaki walipo. Ukanipeleka hadi kwenye ile miamba, na hapo, naapa, nikavuta sato. Mzito, mwenye mgongo wa kijivu, anapiga mkia mapajani mwangu. Mwenyewe! Bila kumtuma mtu!

Nikatoa simu nijipige picha. Nikiwa nimekaa, samaki anaonekana nusu, na tai haionekani kabisa. Nikasimama.

Simu ilitangulia, kisha samaki, kisha mimi. Kayaki ilijigonga mwambani, ikapinduka, ikashika safari na upepo, uliokuwa umegeuka, kurudi kule nilikotoka, bila mimi. Shati lilinasa kwenye jiwe nikaliacha. Nilikumbatia ndoo ya asali nikapiga miguu mpaka ng'ambo. Nilikunywa maji mengi ya Igombe. Nilikuwa naita jina la Josepha, na sioni aibu, hakukuwa na mtu.

Bani ni tupu, tumbaku imeshauzwa. Nina baridi. Nafikiria lile sweta pale msumarini, mikono yake inaning'inia.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nilikuwa nimeshaamka niondoke. Naliandika hili wazi: nilikuwa nimeshafika barabarani.

Akapita mtu na baiskeli ya mkaa. Tukasalimiana mwangaluka, akaniuliza kama nimesikia. Jana mtu wa Ipuli kazama bwawani. Wameokota chombo cha rangi ya chungwa kimepinduka, na ndala moja. Wavuvi wanaburuta nyavu wamtafute. Turubai limeshafungwa kwake. Mkewe alikuwa kwao Ulyankulu, wamempigia simu, anakuja leo.

Nikamuuliza mke anakuja kweli. Akasema asije vipi, si mumewe?

Akanigawia michembe, viazi vitamu vya kukausha, kutoka kwenye mfuko wake, akaniona wa kusikitikiwa, akaenda zake. Mimi nikabaki barabarani. Nilipaswa kumkimbilia nikamwambia mtu mwenyewe ni mimi. Mguu mmoja ulitaka. Lakini nikafikiri: miezi yote hii nimeshindwa kumrudisha Josepha kwa maneno, na sasa anarudi mwenyewe. Nikitokea leo asubuhi, watampigia simu gari likiwa njiani, naye atashuka na kugeuza. Nikitokea kesho, atakuwa ameshafika, ameshaingia ndani, ameshalia kidogo. Kisha mimi huyo, mzima. Ni furaha gani itazidi hiyo?

Nimerudi bani. Michembe ni mitamu, lakini nimekula mmoja tu.

Mchana niliona mtumbwi wa Gerson karibu na miamba. Alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, anapapasa chini kwa mti. Maji yale nayajua yalivyo baridi. Nilitaka kuita. Nikalala kifudifudi ili asinione.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote, japo sipendi.

Nimefika Ipuli saa za mchana kwa kupitia mashambani. Nikajificha nyuma ya ua wetu wa minyaa nichungulie kwanza, nichague dakika nzuri. Utomvu ukaniingia jichoni. Nimeushuhudia msiba wangu kwa jicho moja.

Watu wengi. Sikujua nafahamiana na watu wengi kiasi hicho. Mama mkwe yuko jikoni na wanawake. Pembeni Mzee Kornel amevua koti, anapiga randa mbao za mninga. Amekuja nazo kutoka Ulyankulu juu ya basi. Ananitengenezea jeneza na mwili haujapatikana. Anapiga randa, anapitisha kiganja, anapiga tena.

Katikati ya uwanja kuna kayaki yangu, na ndani yake kakaa Pazi. Kavaa koti langu la harusi na tai yangu nyingine, kashika mwiko wa ugali anapiga kasia kwenye vumbi. Ananiigiza. Sauti ni yangu kabisa, hata kile kikohozi changu kabla ya kusema uongo. Anasema jamani, mtulie, kufa nimeanza mwenyewe, kumalizia nimemtuma mtu. Watu hoi. Anasema Josepha mke wangu, nakuja, nasubiri tu fundi wa maji. Bi Anifa, jirani yetu, alicheka mpaka kilemba kikadondoka. Hata padri aliziba mdomo. Pazi peke yake hakucheka. Machozi yalikuwa yanamshuka kwenye kola ya koti langu, na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa na kasia.

Josepha alikuwa kwenye mkeka karibu kabisa na ua. Ningenyoosha mkono ningemgusa. Alikuwa na lile sweta la kijani mapajani. Alicheka naye, kaliweka mdomoni, kisha kicheko kikageuka. Nilimsikia akimwambia Bi Anifa kwamba mumewe hakulivaa. Alimwambia avae, hakuvaa. Akasema begi alikuwa ameshalifunga tangu Jumatano, aliposikia naenda peke yangu. Alikuwa hasubiri samaki. Alitaka awahi nyumbani kabla yangu, anipikie, anipokee nikirudi nimelowa.

Bi Anifa akamuuliza kuhusu kitanda, mbona chumbani hakipo. Josepha akajipangusa uso. Akasema kitanda kimepelekwa kwa fundi kukazwa mguu. Alimwambia mumewe mwaka mzima, na kwa kweli kakipeleka. Alau hilo alilifanya, akasema. Alilisema kwa fahari.

Hapo ndipo ningetokea. Nilikuwa nimeshainuka. Ningetokea wakati ule, ningempigia magoti na kumwambia yote. Lakini nikasikia guta.

Hitesh kashuka, na mfuko wa sukari ya rambirambi, na nyuma ya guta kuna kitanda. Mtu mwema sana Hitesh. Kaona mjane hawezi kulala chini, kamwomba dada yake arudishe. Akamwendea Josepha kwa unyenyekevu, akaanza kusema kwamba shemeji, kuhusu hiki kitanda ambacho marehemu...

Sikufikiri. Nilipasua ua nikatokea uwanjani na kaptula, tai, na jicho moja, nikapiga kelele kwamba Hitesh anyamaze, kile kitanda kiko kwa fundi.

Sitaki kueleza sana yaliyofuata. Watu walikimbia. Mama mkwe alikimbia na sufuria ya wali na hadi sasa sufuria haijarudi. Padri alibaki, lakini nyuma ya mti. Pazi alianguka na kayaki yake. Josepha peke yake alinijia. Alinishika uso, akanishika mabega, akaanza kunivika sweta kwa nguvu kama mtoto, huku analia na kuniuliza nilikuwa wapi, nilikuwa wapi.

Nikamwambia nilikuwa bani, salama kabisa, nilipewa michembe, na kwamba nilikuwa najua anakuja.

Mikono yake ikasimama. Nilikuwa nimeshaingiza mkono mmoja tu. Akauliza nilijua tangu lini. Nikasema tangu jana asubuhi. Akauliza kama nimemsikia akilia hapo mkekani. Nikasema nimemsikia, na kwa kweli nilifarijika.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Mzee Kornel akaja polepole, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikampa shikamoo. Hakuitikia marahaba. Aliuliza jambo moja, kwa sauti ya chini: kitanda kile amekitengeneza yeye, sasa kimekwenda kwa fundi gani tena? Nikamtazama Hitesh. Hitesh akatazama guta. Mzee akaelewa, na Josepha akaelewa baada yake.

Waliondoka kabla jua halijashuka. Mzee alifunga mbao zake juu ya gari, zote, hata vipande. Josepha hakugeuka. Hitesh akasema kwa upole kwamba alikuwa amemrudishia mjane, na mjane hayupo tena, kwa hiyo guta likaondoka na kitanda.

Sweta ninalo. Nimemaliza kulivaa mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda kumwomba Gerson msamaha. Anaumwa kifua, kajifunika blanketi. Alisema tu kwamba alifurahi hakunipata. Nimempelekea asali. Sikukaa, sikujua pa kuweka macho.

Pazi hanitanii. Nimepita kwake mara mbili, nikasimama makusudi mbele ya karai lake na lile jicho limevimba. Akaniuliza nataka samaki wa ukubwa gani. Basi. Mtani wako akikuuliza hivyo kwa adabu, ujue umekwisha.

Ningeweza kukaza mguu ule kwa msumari mmoja. Msumari ninao mfukoni, nilisahau kwamba niliununua.

Jumatano, 18 Juni

Sixbert kapiga simu. Nimekaa chini kumsikiliza, kwenye kisimu cha tochi nilichonunua baada ya ile kuzama.

Kasema Mzee Kornel hawezi kuacha kazi katikati, na kwa zile mbao za jeneza ametengeneza kitanda. Kiko chumbani kwa Josepha, kimepakwa vanishi, hakilii. Kasema dada ametulia kidogo. Hataki samaki, hataki picha, na hataki kusikia habari ya kitanda cha zamani. Jumapili baada ya misa nije mwenyewe, mikono mitupu, nikae mbele ya wazee niseme nimekosa. Dada kasisitiza hilo la mikono mitupu. Nikifika, tutaona.

Nililia kidogo baada ya kukata simu. Kisha nikaanza kufikiri.

Mwanaume gani anapewa kitanda na mkwe mara mbili? Nitaingiaje Ulyankulu na mikono mitupu, watu wananitazama? Hapana. Hitesh yuko tayari kutoa kitanda akirudishiwa kayaki. Nimemwendea Pazi, maana kayaki iko kwake, kapanda mchicha ndani. Akakataa. Akasema hiyo ni haki yake ya msibani, na alichochukua mtani msibani hakirudi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akatabasamu upande mmoja. Akasema labda marehemu afe tena, hapo ataileta msibani kama ubani.

Yeye alikuwa anatania. Mimi sikucheka. Nilimshukuru, nikarudi nyumbani kukaa na jambo hilo.

Gerson ana mtumbwi wa zamani unaovuja, hautumii. Ukikutwa umepinduka Jumapili asubuhi, Pazi ataleta kayaki kufikia mchana. Safari hii nitakufa nusu siku tu. Gerson nitamwambia mapema ili asiingie majini. Bani nalijua, na michembe nimeshanunua. Jioni kayaki kwa Hitesh, kitanda juu ya guta, na Jumatatu mapema niko Ulyankulu mlangoni pa Josepha, na mguu wa kitanda umekazwa. Msumari si ninao.

Nimempigia Sixbert, nikamwambia Jumapili sitaweza, nina shughuli. Nikasikia Josepha kwa nyuma anauliza shughuli gani. Hiyo sauti sijaisikia simuni tangu Pasaka. Nikasema amwambie asiwe na wasiwasi hata kidogo. Safari hii nitavaa sweta.